Maswali na Majibu: Kabla ya Darasa, Wekeni Benchi

Barua nilizopokea safari hii zinazunguka jambo moja: mji au mtaa unafanyaje ili watu wajifunze mpaka uzeeni? Nimechukua tano na kuzifupisha.

Meya wetu anataka tuitwe "mji wa kujifunza". Jina hilo lina maana, au ni la kutundika ukutani?

Mkiamua liwe na maana, litakuwa nayo. UNESCO ina mtandao wa kimataifa wa miji ya kujifunza, unaoratibiwa na taasisi yake iliyoko Hamburg, Ujerumani. Wazo lenyewe liliwekwa katika azimio la Beijing la mwaka 2013: mji utumie kila ulicho nacho, kuanzia shule na maktaba hadi sehemu za kazi na majumbani, ili kila mkazi ajifunze tangu utoto hadi uzee. Wanaodhani kuingia humo kunaleta gunia la fedha watasubiri sana. Mnachopata ni wenzenu wa kulinganisha nao hatua.

Mfano ninaoupenda ni Cork, Ireland. Tangu 2004 wana tamasha la kujifunza la kila mwaka, na watu huingia bure. Hata hivyo, tamasha lina siku zake, nazo huisha. Kilichonivutia zaidi ni walivyoshuka mitaani baadaye, wakaanza na Ballyphehane na Knocknaheeny. Walikuwa na sababu nzuri. Mtu wa miaka 75 haishi "mjini". Anaishi kwenye mitaa miwili mitatu ambayo miguu yake bado inaimudu.

Baba yangu ana miaka 71. Nikimwambia ajiunge na darasa, anasema kichwa chake kimeshachakaa. Ni kweli?

Mwambie ng'ombe hazeeki maini. Ni kweli kwamba kasi hupungua: jina jipya huchelewa kukaa, na kufanya mambo mawili kwa mpigo huchosha. Lakini msamiati na maarifa aliyokusanya huendelea kushika, pengine hata kuongezeka. Anayemfundisha ampe muda, na aanzie kwenye kile mzee anachokijua.

Kabla ya kulaumu kichwa, mpelekeni apimwe masikio na macho. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na humo mna usikivu hafifu, uoni hafifu usiotibiwa, upweke na elimu ndogo ya utotoni. Tazama yanavyoshikana: asiyesikia vizuri hunyamaza, na aliyenyamaza wiki tatu mfululizo ya nne haji. Simwahidi baba yako kwamba darasa litamkinga na maradhi. Namwahidi watu wa kuzungumza nao, na kwa umri wake hilo si dogo.

Tumepewa chumba kimoja mtaani kwetu kwa ajili ya wazee. Tuanze na kozi gani?

Msianze na kozi. Najua mna hamu ya kupanga ratiba, lakini kwanza mchukueni mzee mmoja, mtembee naye kutoka mlangoni kwake hadi kwenye chumba chenu kwa mwendo wake. Hesabuni anasimama mara ngapi kupumzika, anavuka barabara wapi, na anapobanwa haja anaingia wapi. Kisha rudini naye saa ileile ambayo mngependa darasa liishe, muone kama njia ina mwanga. Mkimaliza mtakuwa mmejua kwa nini madarasa mengi mazuri hubaki na viti vitupu.

Sikulitunga hili mimi. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa mwongozo wake wa miji rafiki kwa wazee, uliotoka 2007, wazee wa miji 33 waliulizwa kinachowasaidia na kinachowakwaza. Majibu yao yalijaa mambo ya kawaida kabisa: mahali pa kukaa, vyoo, njia za miguu, usafiri. Mwongozo una maeneo manane, na elimu haina eneo lake. Imechomekwa ndani ya mengine. Kwa upande mwingine, wanaoshughulikia kujifunza mara nyingi huwa ofisi nyingine, na benchi haliwahusu. Mzee huangukia katikati. Chumba chenu kinaweza kuwa mahali ambapo pande hizo mbili zinakutana.

Baada ya njia, waulizeni wazee wanachoweza kufundisha kabla ya kuwauliza wanachotaka kufundishwa. Chuo cha wazee, au chuo cha "umri wa tatu", kilizaliwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, kikiwa chini ya chuo kikuu. Wazo lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilibadilika sura: wanachama wenyewe wakawa walimu, hakuna mtihani wala cheti. Kwa chumba kimoja kisicho na bajeti, nawashauri mfuate njia hiyo ya pili. Na msikione kidogo. Japani ilianza kujenga kominkan, nyumba za jamii za kujifunzia mitaani, mwaka 1946 ikitoka kwenye magofu ya vita, na bado zipo.

Wanaokuja kwetu ni wanawake watupu. Wanaume wako wapi?

Wengi wako nyumbani, wanangoja kuitwa kwenye kazi. Mwanaume aliyestaafu ukimwalika "kujifunza" anaona umemwambia hajui. Australia, tangu miaka ya 1990, wana karakana za wanaume: mbao, zana, kitu cha kutengeneza. Mazungumzo huja yenyewe mikono ikiwa na shughuli, na kujifunza humo humo. Leteni kiti kilichovunjika, muone nani atanyanyuka kukitazama.

Vijana wetu wamejitolea kuwafundisha wazee simu. Ni wazo zuri?

Zuri, kwa sharti moja: kijana asiishike simu. Akishaichukua mkononi mwa mzee na kubonyeza yeye, somo limekwisha. Mzee naye apewe zamu ya kufundisha kitu, la sivyo baada ya miezi miwili mtakuwa na kituo cha kutengeneza simu. Na mwisho wa kila mwezi msihesabu waliokuja tu. Andikeni majina ya walioacha kuja, mtu mmoja aende kuwagongea mlango na kuwauliza sababu.