Nani anakula kilo zangu kumi za sukari?

Swali: Mzee, shikamoo. Nyumbani kwangu Kisauni tuko watu watano. Sukari tunanunua kilo moja kwa wiki, pamoja na ya mahamri ya Jumapili. Sasa nimesoma kwamba kila Mkenya hutumia kilo ishirini na kitu kwa mwaka. Nimepiga hesabu, sisi hatufiki hata kumi na moja kwa kichwa. Hizo zingine zinaliwa na nani? *Mama wa watatu, Kisauni*

Jibu: Marahaba, mama. Hesabu yako haina kasoro: kilo 52 kwa mwaka, gawanya kwa 5, unapata 10.4. Ni kama gramu 28 kwa mtu kwa siku.

Ile ya ishirini haikupimwa jikoni kwa mtu. Hutoka kwenye mizania ya chakula, jedwali nililolijaza miaka mingi kabla sijastaafu. Unachukua sukari iliyotoka viwandani, unajumlisha iliyoingia kutoka nje, unatoa iliyouzwa nje, unarekebisha kwa akiba ya maghalani, kisha unatoa iliyopotea njiani na maghalani na iliyotumika kwa kazi zisizo za chakula. Kinachosalia unakigawanya kwa watu wote wa nchi, hata mtoto aliyezaliwa jana. Chukua tani milioni 1, kiasi kinachotajwa sana kwa Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Gawanya: kilo 21, au gramu 57 kwa siku. Ni maradufu ya mkebe wako.

Lakini mkebe wako si sukari yako yote. Soda ya mililita 300, ikiwa na gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, ina gramu 30. Mtoto wako akinywa moja kwenye harusi, ameshapita fungu lake la siku kabla hajaonja chai. Ongeza mkate, biskuti, juisi ya pakiti, dawa ya kikohozi, chai ya kibandani anayokunywa baba watoto saa nne. Sukari nyeupe ya viwandani huagizwa kutoka nje kwa magunia, na hupita kwenye jedwali langu bila kupita dukani kwako. Na iliyomwagika jikoni kwako au kubaki chini ya kikombe, nayo inahesabiwa kwamba umeila.

Nikuungamie jambo. Mwaka wangu wa pili kazini nilijumlisha shehena zote zilizoshushwa Kilindini, na sehemu yake ilikuwa mali ya Uganda na Rwanda inayopita tu. Mkubwa wangu alilitazama jedwali, akazungushia namba kalamu nyekundu, akaniuliza: "Hawa watu wako bado wana meno?" Tangu siku hiyo nikiona namba ya sukari imepanda ghafla, kwanza naangalia bandari, kisha ndiyo nafikiria vinywa vya watu. Magendo ya mpakani hufanya kinyume chake: huliwa na hayaandikwi.

Swali: Nachora grafu ya sukari kwa kila Mkenya tangu 1961 kwa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Nimekuta mafungu mawili, na miaka ya 2010 hadi 2013 imo katika yote mawili lakini namba hazifanani. Nifuate lipi? *Mwanafunzi, Eldoret*

Jibu: Yote mawili, mwanangu, ila usiyashone. Fungu la zamani linaishia 2013. Jipya linaanzia 2010, na njia ya kukadiria ilibadilishwa. Chora mistari miwili yenye rangi tofauti uache ipishane. Ukiiunganisha, utamwandikia mwalimu wako ukurasa mzima kuhusu "mabadiliko ya ulaji" yaliyotokea kwenye kompyuta.

Angalia pia kwamba sukari huandikwa kwa uzito wa sukari ghafi. Tani 1 ya sukari nyeupe huingia kama tani 1.087. Ukilinganisha na kilo za sukari nyeupe za dukani bila kurekebisha, utakosea kwa karibu asilimia 9.

Na usikionee kiwanda. Mwaka 2023 viwanda vilisimamisha kusaga kuanzia Julai kwa sababu wakulima walikuwa wanakata miwa michanga. Uzalishaji ulishuka kutoka karibu tani 800,000 mwaka 2022 hadi chini ya 500,000. Safu ya uzalishaji ilianguka, ya uagizaji ikapanda. Chai haikuacha kunywewa, ila bei ya kilo kila mtu anaikumbuka. Kwa hiyo weka safu hizo mbili pamoja kwenye grafu yako, usichore moja peke yake.

Swali: Asali na sukari nguru nazo zinahesabiwa? *Msomaji, Kabarnet*

Jibu: Ndiyo, kila moja ina mstari wake ndani ya kundi moja na sukari. Ila ni mistari dhaifu. Asali hukadiriwa kwa kuhesabu mizinga na kuzidisha kwa wastani wa mavuno, kwa hiyo ile chupa unayonunua barabarani Marigat imo kwa kubahatisha tu. Sukari nguru ni ngumu zaidi. Vinu vyake ni vidogo, vimetapakaa kwenye mashamba ya magharibi, na sehemu ya mali yao huishia kwenye mapipa ya chang'aa, ambako hakuna anayetoa risiti.