Jibu: Likizo Ngazija na watoto, tubebe nini?

Dada, umeuliza kama dawa ya kufunga tumbo inatosha kwa safari yenu ya Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija. Haitoshi, na watoto usiwape kabisa. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji mwilini. Nunua ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) hapa hapa Mtwara kabla hamjaondoka. Changanya na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee, tena polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Pakiti zikiisha, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe juu, visijae kilima. Chumvi isizidi hata kidogo, ni hatari. Ukiona macho yamebonyea, hakojoi, au choo kina damu, mkimbize hospitali.

Pweza mle kama mnavyomla pale Feri, anatoka jikoni akifuka moshi. Aliyepoa mezani mwacheni. Barafu pia, maana hujui maji yake yametoka wapi.

Malaria Ngazija ipo, kwa hiyo chandarua chenye dawa kiwemo kwenye begi. Na nakusihi, mtu akipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo na mwambieni daktari mlikuwa wapi.

Chanjo ya homa ya manjano, kama mtahitaji, ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.