Nimestaafu reli, sasa hakuna anayenisubiri

*Shangazi, nina miaka 61. Nimetumikia reli tangu ujana, nikawa stesheni masta Itigi, Nguruka, Kaliua na mwisho hapa Tabora mjini. Nilistaafu mwaka jana kwa mujibu wa sheria. Mafao nimepata, nyumba ninayo Ipuli, watoto wanajitegemea. Lakini saa tisa usiku macho kodo, kama vile nasubiri kuitwa zamu. Nilikuwa nakwenda stesheni kila treni ya Kigoma inapoingia, mpaka kijana mmoja akaniambia, “Mzee, hapa ni ofisini.” Nyumbani nako mke wangu hataki niguse chochote. Binamu yangu ananishawishi niweke kiinua mgongo kwenye tumbaku Urambo. Kazi yangu siku hizi ni kumsomea jirani mjane barua za mafao ya marehemu mumewe, basi. Sioni kama kuna atakayegundua nikikosekana. Nifanyeje? – Mstaafu, Tabora.*

Kaka yangu, hongera kwa kumaliza utumishi salama, na pole kwa usiku mrefu.

Nianze na ile sentensi kwamba huoni atakayegundua ukikosekana. Kama umeanza kuwaza kujidhuru, au unaona kufa ni nafuu, weka simu chini umwambie mkeo sasa hivi, kisha uende hospitali ya Kitete ukamweleze daktari maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Kama ulimaanisha upweke tu, bado nenda. Kukosa usingizi muda wote huo ni jambo la hospitali, na presha na sukari katika umri wetu haviji kwa kupiga hodi.

Watu watakuambia umezoea ukubwa. Mimi sidhani. Ustesheni masta wa Nguruka haukuwa ukubwa wa kumvimbisha mtu kichwa. Ulichokuwa nacho ni kusubiriwa. Dereva haondoki mpaka umruhusu, kituo cha mbele kinangoja taarifa yako, abiria mwenye ndoo ya asali anakuuliza wewe, si mwingine, treni imefika wapi. Ukichelewa dakika kumi, vituo viwili vinajua. Halafu unaagwa kwa soda na saa ya ukutani, na kesho yake hakuna anayeuliza uko wapi. Sheria imepanga siku ya kuondoka, miaka 60, au 55 kwa anayependa mwenyewe. Nani akusubiri asubuhi inayofuata, hilo halimo kwenye sheria.

Kwa hiyo usitafute kitu cha kupotezea muda. Tafuta mahali ambapo usipotokea mtu atauliza. Najua kuna atakayekushauri ufuge kuku. Kuku watakusubiri, sikatai, lakini kwa pumba tu.

Yule kijana wa stesheni hakuwa na adabu ya kusema, ila alichosema ni kweli. Yuko zamu, maisha ya watu yako mikononi mwake, na bosi wa zamani kasimama nyuma yake anamtazama. Wewe mwenyewe ungemtoa mtu wa namna hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wengi wamekaa kwenye kiti kile kabla yako. Nenda stesheni ukiwa na safari au mgeni wa kumpokea. Wakikuita kukuuliza jambo, nenda siku hiyo hiyo. Wasipokuita, usijipeleke.

Kuhusu mkeo, hukueleza ulichogusa, ngoja nikisie. Umepanga upya stoo. Umeuliza gunia la mkaa linaishaje mapema hivi. Umesimama mlangoni mwa jiko anapika. Kaka, ulipokuwa Itigi na Kaliua huyo mama aliuguza, alizika, alisimamia mafundi wa hiyo nyumba kwa hela ulizotuma na nyingine ambazo hukutuma. Nyumba yake si kituo kilichokuwa kinangoja mkuu mpya. Muulize ni kazi gani moja amechoka nayo, uichukue, na usimfundishe namna bora ya kuifanya. Atalegea. Si wiki hii.

Sasa yule mjane. Umemtaja kwa mstari mmoja ukamalizia na “basi”, na mimi naona majibu yako yako hapo hapo.

Unajua kuliko mimi jinsi mafao ya marehemu yanavyokwama kwa vitu vidogo. Barua ya kuajiriwa haionekani. Jina la mume kwenye cheti cha ndoa lina herufi ambayo kwenye hati ya mshahara haipo. Kibali cha mazishi kipo, cheti cha kifo cha RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, hakijafuatwa. Ukoo ulikaa kikao, ukakubaliana, lakini hakuna aliyeandika muhtasari, kwa hiyo Mahakama ya Mwanzo haina cha kuanzia kumteua msimamizi wa mirathi. Mwingine ana barua ya zamani yenye jina la mfuko wa pensheni wa PPF, akasikia PPF haipo, akadhani na haki ya mumewe imekwenda nayo. Hajaambiwa kwamba mwaka 2018 mfuko huo uliunganishwa na mingine kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Mama huyo anazunguka na bahasha ya kaki, kila dirisha linamrudisha, na hakuna anayemkalisha amweleze kwa Kiswahili cha kawaida karatasi gani imepungua.

Wewe unaweza. Umetumia maisha yako kuandika nani kaingia, saa ngapi, ametoka na nini. Chagua asubuhi mbili za wiki, saa tatu hadi saa sita, ukae kibarazani kwako. Mwarifu mtendaji wa mtaa, na uombe itangazwe msikitini na kanisani. Nunua daftari la rejista uandike jina, karatasi iliyopungua, ofisi uliyomwelekeza, na tarehe ya kurudi. Hiyo tarehe usiiruke, maana atakuja kweli, na akikuta kiti kitupu atamuuliza mkeo uko wapi.

Mipaka yake uishike kama ulivyoshika kanuni za reli. Usipokee hata shilingi. Akikuletea karanga, kula. Siku utakayochukua hela utaitwa kishoka, na watakuwa sahihi. Karatasi halisi zibaki kwa mwenyewe, wewe soma nakala. Namba ya siri ya simu au ya benki usiiulize. Usimwambie mtu mirathi igawanywe vipi, na mashemeji wakija wanapiga kelele usijifanye hakimu. Hayo ni ya mwanasheria, au ya msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii pale manispaa ikuelekeze wanapopatikana. Ukiona kazi hii imekukaa, uliza nawe masharti ya mafunzo yao.

Na jambo moja la kidunia: kaa kibarazani, mahali pa wazi, si sebuleni kwa mjane. Tabora ni mji mkubwa mpaka siku unayotaka kuficha kitu. Ukiingia nyumba ya mjane asubuhi huko Ipuli, adhuhuri Isevya wameshamwoza kwako. Mkeo awe wa kwanza kujua mpango huu, kabla hata ya mtendaji.

Wiki za mwanzo pengine atakuja yule jirani peke yake, au asije mtu. Kaa hivyo hivyo na daftari lako. Umewahi kukesha Malagarasi ikijaa ukisubiri treni ya mizigo isiyojulikana itatokea lini. Kusubiri mama mwenye bahasha hakukushindi.

Binamu na tumbaku yake nimemwacha mwisho kwa makusudi. Mwambie akuletee hesabu za msimu uliopita kwa maandishi: pembejeo, vibarua, kuni za bani la kukaushia, makato ya AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, na alichobaki nacho mkononi. Mpaka azilete, fedha zikae benki. Akizileta, niandikie tena tuzisome pamoja.