Muulize Fundi: Tairi gani kwa X-Trail ya familia huku kwetu nyanda za juu?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Uyole hapa Mbeya, tuna X-Trail T31 ya fowili tuliyoagiza Japani, tairi zake 225/60R17 na sasa zimebaki vipara, juzi trafiki kanionya. Gari ni ya shule na mjini kila siku, wikendi nyingine Tukuyu kwa mama mkwe, Disemba tunapanda Makete kwa wazee, na mara mojamoja Dar. Baba watoto anataka zile za A/T zenye meno (za lami na njia mbaya), muuza duka Mwanjelwa anasema chukua olsizeni (za misimu yote) mpya, halafu kuna kijana ana tairi used za Japani, kashata (yale matuta ya juu ya tairi) bado nene na mpira laini, bei karibu nusu. Nichukue zipi? Na hela isipotosha, naweza kuanza na mbili? – Mama Watatu, Uyole

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na hilo la trafiki ila kakusaidia maana vipara na mvua za Tukuyu haviendani kabisa. Mi ningechukua olsizeni mpya, zote nne, na nianze na huyo kijana wa used kwa sababu ndo anayenitisha kuliko wote.

Hizo tairi za mpira laini zenye kashata nene na vimchirizi vyembamba vingi juu yake, mara nyingi ni tairi za barafu. Wajapani wanazivaa msimu wa theluji halafu zikichoka kidogo kwa matumizi yao zinapakiwa zinakuja huku, na hata magari mengi tunayoagiza yanashuka bandarini yamezivaa na mwenye gari hajui. Angalia ubavuni, ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD, achana nazo hata kama bei inashawishi. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, sasa Uyole alfajiri ya Juni sawa tunatetemeka, lakini saa sita jua limewaka, na ukishuka Kyela au Ruaha Mbuyuni lami inachemka, ule mpira unakuwa kama ubuyu uliolowa, kashata zinajikunja ukishika breki, gari linachelewa kusimama hasa kwenye lami yenye maji, na zinaisha haraka. Hata jirani zako wa Kitulo wanaoamka na umande umeganda hawazihitaji, ule ugandaji jua likitoka umeisha. Na usidanganyike na maandishi ya M+S (tope na theluji), hayo yapo kwenye olsizeni, kwenye A/T na kwenye za barafu pia, kwa hiyo peke yake hayakwambii kitu.

Halafu kuna umri. Tafuta herufi DOT, mwishoni mwake kuna tarakimu nne, mfano 2624 maana yake wiki ya 26 ya mwaka 2024. Namba kamili inaweza kuwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo kama imefungwa kwenye gari itabidi uiname uchungulie ndani, na muuzaji akikwambia "hii haina tarehe" mwambie aigeuze. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Watengenezaji wengi wanasema ikipita miaka 5 iwe inakaguliwa kila mwaka na ikifika 10 itolewe hata kama kashata zipo, mi kwa gari la kubeba watoto sinunui iliyozidi miaka miwili toka kiwandani, labda ni uoga wangu lakini ndo hivyo.

Sasa A/T za baba watoto. Simpingi sana, ana hoja, udongo wa Makete ukilowa unajua mwenyewe. Lakini piga hesabu ya mwaka mzima, gari linatembea lami karibu siku zote na tope ni Disemba tu, na A/T ni nzito, zinaongeza mafuta kidogo, zinavuma mkiwa barabara kuu mpaka watoto hawasikii katuni zao, na nyingi kwenye lami iliyolowa zinahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Na hatari yenu kubwa ipo kwenye lami, sio kwenye tope. Ile barabara kuu ya Tanzam malori yameikandamiza mpaka imefanya mifereji, mvua ikinyesha maji yanakaa humo, ukiingia na kasi tairi inashindwa kuyasukuma pembeni gari linaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na hapo huna breki wala kona. Kinachokuokoa ni kashata zenye mifereji mirefu inayozunguka tairi, na kupunguza mwendo. Olsizeni mpya ina kashata ya kama milimita 8, alama za mwisho zimewekwa kwenye 1.6 lakini kwa mvua zetu ikifika 3 anza kutafuta hela. Mngekuwa mnapanda Makete kila wiki ningekwambia mpe mume wako A/T zake, ila zile za M/T (za tope) za meno ya trekta hapana, hata kama rafiki yake anazo. Kwa hiyo safari ya Disemba mkikuta utelezi zungusha swichi ya fowili iweke LOCK, nenda taratibu bila kukanyaga mafuta ghafla, na kama mvua imenyesha usiku kucha subirini barabara ikauke kidogo, wazee hawatakasirika.

Dukani usiangalie saizi tu. Tairi za saizi hiyo mara nyingi zimeandikwa 99H, 99 ni uzito wa kilo 775 kwa kila tairi na H ni kasi ya hadi 210 kwa saa, hutakimbia hivyo najua, lakini usikubali namba ya uzito iliyo chini ya iliyopo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva maana mkijaa wote na viazi vya Makete nyuma mtaona. Ubavuni tafuta pia neno TRACTION, hapo ni kipimo cha kushika breki kwenye maji, AA ndo juu halafu A, B na C, chukua A au AA. Sio lazima Michelin, za bei ya kati zenye A na tarehe mpya zinatosha.

Kununua mbili? Kwa fowili yenu sipendi, mpya na vipara zina mzunguko tofauti na kila mara zinailazimisha difu na kapulingi ya kule nyuma (inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma) kufanya kazi bure, bora msubiri mwezi mmoja mkusanye. Ikishindikana kabisa basi mbili mpya ziende nyuma, fundi atakwambia mbele, mkatalie, nyuma ikiteleza kwenye kona gari linazunguka na hapo hakuna dereva. Upepo jaza asubuhi kabla gari halijatembea, na mkitoka Dar na joto msikubali mtu awapunguzie njiani, kila nyuzi 6 hivi zikishuka upepo nao unashuka kama psi 1, mkiamka Uyole mtakuta zimelegea zenyewe.

SWALI: Fundi, RAV4 yangu tairi za mbele zinalika upande wa ndani tu, nimenunua mpya juzijuzi na zimeanza tena. – Msomaji, Ipogolo Iringa

JIBU: Kaka, tairi haina kosa hapo. Alaimenti (mpangilio wa tairi) imekwenda, lakini usikimbilie mashine kwanza, mwambie fundi anyanyue gari atikise tairi, aangalie bushi za kontroli amu, boljointi na tairodi, kikiwepo kilicholegea kibadilishwe ndo uende alaimenti, vinginevyo utalipa leo na wiki ijayo imerudi palepale. Hizo zilizoanza kulika kama kashata ya ndani bado haijafika alama za mwisho ziache hukohuko mbele, ila nyuzi zikitokeza usizipandishe mlima Kitonga hata siku moja.