Disketi za baba na karatasi ya Archie

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tukuyu. Marehemu baba alikuwa mwalimu, ameacha disketi saba ndani ya kopo la biskuti, moja imeandikwa PC-Write kwa peni, pamoja na karatasi ya maelekezo kwamba utume imeli kwa archie uandike find halafu jina la programu. Nimetuma mara tatu inarudi tu. Naitaka hiyo programu nisome barua zake, nifanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba. Hujakosea kitu wala baba hakukosea, ni vile seva ile haipo tena. Archie, huduma ya kutafuta mafaili, ilianza 1990 chuo kikuu cha McGill, Montreal, aliyeianzisha ni Alan Emtage, mwanafunzi kutoka Barbados. Ilikuwa inapitia makompyuta yenye mafaili ya wazi inakusanya majina yake, basi mtu ambaye hana intaneti ila ana imeli anaandika find na jina, anatuma, anasubiri, jibu linakuja linamwambia faili liko kompyuta ipi, folda gani, ukubwa gani. Na hapo programu bado hajaipata! Anaandika imeli nyingine kwa huduma ya ftpmail imletee, na kwa kuwa imeli za enzi zile zilibeba maandishi tu, programu inageuzwa kuwa mistari ya herufi zisizosomeka, karibu kila mstari unaanza na M, inanenepa kwa theluthi hivi halafu inakatwa vipande. Vikija vinne kati ya vitano huna kitu, unaomba tena. Itunze hiyo karatasi, ina uvumilivu mwingi ndani yake.

Halafu usiwe na wasiwasi kwamba baba aliiba. PC-Write, programu ya kuandikia barua na maandishi mengine, ya Bob Wallace, ilitoka 1983 kwa mtindo wa shewea, yaani mwenyewe anakuruhusu unakili umpe na mwenzio, ukiona inakufaa ndio unamlipa.

Sasa kilicho muhimu kwako ni barua, programu baadaye. Geuza kila disketi uangalie pembeni, kuna kiplastiki kidogo kinachoteleza, kisogeze mpaka tundu libaki wazi, hapo kompyuta haitaweza kuandika wala kufuta chochote. Tafuta kisomaji cha disketi cha kuchomeka USB, ulizia kwa mafundi wa Mwanjelwa ukishuka Mbeya, wengine wana vya zamani kwenye madroo. Nakili kila kitu kwenye flashi. Kompyuta ikikuuliza kama unataka ku-format disketi KATAA, nakuomba sana, watu wamepoteza kumbukumbu za wazazi wao kwa kubonyeza hapo. Na disketi ikigoma ipumzishe, usiilazimishe mara kumi, huenda kisomaji kingine kikaisoma.

Ukishanakili fungua faili mojamoja kwa Notepad. PC-Write ilikuwa inahifadhi maandishi ya kawaida kabisa, kwa hiyo barua utazisoma hivyohivyo, ila utakuta vialama vya ajabu hapa na pale, hivyo ni vya herufi nzito au mstari wa chini, usivifute kwenye nakala ya kwanza.

Kama bado unataka uone alivyokuwa anaona yeye, kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kuna nakala za CD za zamani zilizojaa shewea za DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi zile, tafuta humo, na utaiendesha ndani ya DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya DOS. Tabia moja ya enzi za Archie usiiache: jua jina na ukubwa wa faili kabla hujalivuta. Programu ya wakati ule ilitosha kwenye disketi chache, kwa hiyo tovuti ikikupa PC-Write ya mega themanini, toka haraka, hiyo siyo yenyewe na bando lako litaenda bure.

Ila anza na ile disketi iliyoandikwa kwa peni, inawezekana programu yenyewe imo humohumo.