Jibu: kibao cha saluni kwenye trotwari, Lubumbashi

Mama, umeuliza kama kibao chako cha kusimama kinaweza kubaki kwenye trotwari (njia ya waendao kwa miguu) bila kuwafungia njia walemavu wenye vigari vya magurudumu, huko komini ya Kenya (sehemu ya jiji la Lubumbashi, si nchi). Usinunue simenti kwanza. Peleka komini mchoro wenye vipimo, omba ruhusa ya maandishi, na kila malipo udai risiti. Ruhusa ya mdomo huondoka na ajenti aliyeitoa.

Pima kuanzia ukutani hadi mfereji, pikipiki za wateja zikiwa zimeegeshwa (ndizo zinazokula nafasi). Njia wazi iwe sm 120 au zaidi. Sm 90 hupitisha kigari, ila hakigeuki.

Mimi ningekitundika ukutani, ukingo wake wa chini ukiwa mita 2.2 kutoka ardhini. Kibao kinachotokeza kwa kimo cha kifua ni hatari kuliko vyote: fimbo ya asiyeona hupita chini yake, mwili ndio unaokigonga. Cha kusimama kiwe na ubao unaokaribia ardhi, fimbo iuguse.

Plagi za plastiki za kushikia skrubu hung'oka kwenye tofali za udongo. Tumia bolti zinazopenya ukuta mzima, na bamba la chuma nyuma. Ukitaka taa, mwite fundi umeme. Waya usilale njiani.