Kinga dhaifu kazini: anza na hewa

Sisi tuliopandikizwa figo tunameza dawa za kupunguza kinga kila siku, ili mwili usiikatae figo tuliyopewa. Kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, nilikuwa karani kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Meli ziliendelea kutia nanga bandarini Kilindini, kwa hiyo kazi haikusimama. Nawaandikia wenzangu wa figo, walio kwenye kemo (dawa za saratani), wanaoishi na VVU ambao kinga yao bado iko chini, na kila anayetumia steroidi kwa muda mrefu.

Jambo la kwanza ni hewa. Ofisi nyingi ziliweka maji na sabuni mlangoni, zikapima watu joto, zikaona zimemaliza. Kunawa ni muhimu, lakini virusi hivi huenea zaidi kwa pumzi, na katika chumba kilichofungwa huweza kuelea kwa muda mrefu. Kiyoyozi cha ukutani kwa kawaida hakileti hewa mpya: huivuta ileile ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha. Watu wanasikia baridi wanadhani hewa ni safi. Niliomba meza yangu ihamishiwe penye dirisha linalofunguka, na feni ielekezwe nje. Joto la Mombasa mnalijua. Wenzangu walinung'unika, kisha wakazoea.

Ombi lako liandike, uambatanishe barua ya daktari. Barua hiyo si lazima itaje ugonjwa. Yangu ilisema tu kwamba kwa sababu za kiafya nisikae penye msongamano, nisipokee wateja ana kwa ana, na mikutano niihudhurie kwa simu. Hayo yanamtosha mkubwa wako. Siri ya ugonjwa ikishatoka ofisini haifichiki tena, na hakuna mwenye haki ya kukulazimisha uitoe kwa sababu tu unaomba dirisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, kwa hiyo usiombe kama anayeomba hisani.

Mchana ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Watu walikaa na barakoa asubuhi nzima, halafu saa saba wakazivua wote pamoja kwenye chumba kidogo cha chakula, wakila na kucheka. Kula nje, hata kama ni kibarazani peke yako. Barakoa nayo iwe N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, na ibane usoni. Ya kitambaa haitoshi kwa watu kama sisi.

Ukiweza, badilisha saa za kuingia na kutoka, ukwepe msongamano wa njiani. Wakati ule matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8, lakini msongamano wa feri ya Likoni jioni haukuwa na wa kuuhesabu.

Chanjo chanja, ila ujue mwili unaotumia dawa hizi mara nyingi hutengeneza kinga haba. Ndiyo maana Oktoba 2021 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza tuongezewe dozi. Dawa za figo usizipunguze kwa hofu bila daktari wako.

Na kipimajoto cha mlangoni, kama kile cha wakati ule, usikitegemee. Prednisoloni, mojawapo ya zile steroidi, inaweza kuficha homa. Ukianza kukohoa, ukachoka kupita kawaida au ukapoteza harufu, usiingie kazini. Piga simu kliniki yako siku hiyohiyo.